Cheti ukutani, tangi mlimani: klabu yetu ilianza mwaka gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa klabu ya huduma ya jamii hapa Moshi. Wanachama wanataka kuadhimisha kuanzishwa kwa klabu, na nimepewa kazi ya kuandika historia ya miaka yake ya mwanzo. Nimekwama. Cheti kilichotundikwa ukutani kina mwaka mmoja, hati ya usajili wa serikali ina mwaka mwingine, miaka mitatu baadaye, na wazee wawili waliobaki wanasisitiza kwamba klabu ilikuwapo kabla ya vyote viwili. Majina ya mwanzo ni ya Wazungu na Wahindi watupu, wala hakuna mwanamke hata mmoja. Daftari la mihtasari ya miaka ya kwanza liliwahi kulowa mvua na sehemu kubwa haisomeki. Kuna wenzangu wanaosema tuanzie tu pale Waafrika walipoingia, mengine tuyaache. Mwaka upi ndio wa kweli, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nikuondolee wasiwasi mapema. Wazee wako hawajakosea, cheti hakidanganyi, na hati ya serikali nayo iko sawa. Kila kimoja kinakutajia tukio lake. Fikiria watu wa rika la wazee hao waliozaliwa Uru au Kibosho. Mtoto alizaliwa siku moja, akabatizwa siku nyingine, na cheti cha kuzaliwa kikaja kutafutwa miaka mingi baadaye alipotaka pasipoti. Hakuna anayeweza kumwambia mama yake kwamba mwanawe alizaliwa siku ya cheti. Klabu nazo huzaliwa hivyo. Watu wachache huanza kukutana, wakazoeana, wakachanga, wakafanya jambo. Wakishaonekana wamekomaa, shirikisho la kimataifa huwapokea na kuwapa cheti. Usajili wa serikali hufuata mkondo wake.

Kuhusu huo usajili, Tanganyika ilipata sheria ya kusajili vyama mwaka 1954, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, na TANU yenyewe ilibidi isajiliwe chini ya sheria hiyo. Ndiyo chimbuko la ofisi ya Msajili wa Vyama, ambayo leo iko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kama baadaye klabu yenu ilihamia kwenye sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002, utakuta na mwaka wa nne. Andika yote, na kila mwaka uupe maelezo yake. Kwa ajili ya sherehe, mimi ningechagua mwaka wa kikao cha kwanza ikiwa una ushahidi wa pande mbili. Ukiwa na upande mmoja tu, sherehekeeni mwaka wa cheti, na kwenye kijitabu useme waziwazi kwamba watu walikuwa wameshaanza kukutana kabla yake.

Hujaniambia klabu yenu iko katika mfumo gani, nami sitabahatisha. Lakini tazama jinsi mifumo mikubwa yenyewe, kama Rotary na Lions, ilivyoanza, kwa sababu inakupa ruhusa ya kuandika ukweli. Jioni ya tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao: Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, Silvester Schiele, muuza makaa ya mawe, na Hiram Shorey, mshona nguo. Walitaka urafiki katika jiji kubwa lisilomjua mtu, na walitaka kupeana wateja. Basi. Jina la Rotary lilitokana na kuzungusha vikao kutoka ofisi ya huyu kwenda ya yule, kama akina mama wa upatu wanavyozungusha zamu ya nyumba. Huduma kwa jamii haikuwamo kwenye mazungumzo ya usiku ule. Ilikuja mwaka 1907, klabu ilipojitosa katika kampeni ya kujengwa vyoo vya umma karibu na ofisi kuu za jiji.

Vyoo, mwanangu. Mtu yeyote aliyewahi kushuka na mtoto mdogo kwenye stendi ya basi anajua kwamba hiyo si kazi ndogo. Huko ndiko wale wafanyabiashara walikojifunza kwamba kikundi cha watu wenye nafasi kinaweza kuisukuma serikali ya mji ifanye jambo ambalo mtu mmoja mmoja angeombea miaka. Chama cha kuunganisha klabu za miji mbalimbali kilikuja mwaka 1910, zikiwa klabu 16. Kwa hiyo hata Chicago kuna mwaka wa kukutana, mwaka wa kuhudumu na mwaka wa muungano, na hakuna anayeona aibu.

Lions nao walianzia Chicago, mwaka 1917, kwa wito wa Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima. Macho, ambayo leo ndiyo alama yao duniani kote, yaliingia mwaka 1925, Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, alipohutubia mkutano wao mkuu huko Cedar Point, Ohio, na kuwaomba wawe mashujaa wa wasioona. Klabu ya kwanza ya Soroptimist ilianzishwa na wanawake huko Oakland, California, mwaka 1921, na kazi yao ya awali ilikuwa kuokoa misitu ya miti mirefu ya huko isikatwe. Kwetu Afrika, Johannesburg ilipata klabu ya Rotary mwaka 1921, Nairobi mwaka 1930, Dar es Salaam mwaka 1949. Safari hiyo ilifuata njia za reli, benki na mashamba makubwa, na ukiijua utaelewa kwa nini majina ya mwanzo ya Moshi na Arusha yanasomeka kama yanavyosomeka.

Sasa nikupe swali ambalo naliona bora kuliko la mwaka. Klabu yenu ilifanya nini kwanza, na ilimfanyia nani?

Nakuambia hivi kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka mingi iliyopita niliombwa kusaidia kijitabu cha klabu moja upande wa Arusha. Nilikuwa na hotuba za viongozi, picha za kukata utepe na leja mbili. Hotuba zilitaja mradi wa maji wa kijiji fulani na mwaka wake, nami nikaandika hivyo hivyo, kikachapwa. Baadaye mzee mmoja wa kijiji hicho alinipeleka mpaka kwenye tangi, akapangusa kuvu ubavuni kwa kiganja, akanionyesha tarehe ambayo fundi aliichora kwa kijiti saruji ikiwa bado mbichi. Ilikuwa miaka miwili kabla ya mwaka nilioandika. Ule wa kwenye hotuba ulikuwa mwaka wa kukata utepe. Kisha akanieleza jambo ambalo halikuwamo katika karatasi yoyote niliyoshika: mchanga na kokoto zote zilipandishwa kilimani kichwani na wanawake wa kijiji, na klabu ilileta saruji, mabomba na fundi. Kijitabu changu kilisema klabu "ilijenga tangi". Tangi lilijengwa na pande mbili, nami nikaandika mmoja. Baadhi ya wale wanawake walikuwa bado hai siku kitabu kilipozinduliwa hotelini, na hakuna aliyewaalika.

Kwa hiyo usilie sana na daftari lililolowa. Kazi ya kwanza ya klabu ina mashahidi nje ya klabu, na mara nyingi wao wanakumbuka vizuri kuliko nyinyi, kwa sababu kwenu ulikuwa mradi mmoja katika orodha na kwao yalikuwa maji ya kunywa. Nenda shule iliyopata madarasa, uombe kwa mwalimu mkuu daftari la matukio ya shule, kama lipo. Zahanati nyingi hutunza kitabu cha wageni, na mgeni mheshimiwa hakosi kuandika jina na tarehe. Parokia na sharika za mlimani zina karani wa miaka mingi anayejua kila mfuko wa saruji uliopita mikononi mwake. Soma mabamba ya ukutani, hata yaliyopakwa rangi juu. Mtafute fundi, na kama fundi hayupo, mtafute aliyekuwa saidia fundi, maana huyo alikuwa kijana wakati ule.

Nije kwenye jambo linalowagawa huko ndani, la majina. Wenzako wanaotaka mwanzo uanzie Waafrika walipoingia wanasukumwa na uchungu ninaouelewa, lakini wakifanya hivyo watakuwa wamefuta ushahidi wa jinsi mlango ulivyofungwa. Ninavyoelewa mimi, klabu hizi hazikuhitaji kuandika "Mwafrika asiingie". Klabu za Rotary zilichukua wanachama kwa utaratibu wa fani: mmoja kutoka benki, mmoja daktari, mmoja wakili, mmoja wa bima, na kila mmoja awe mwenye biashara au msimamizi wake. Moshi ya miaka ya 1950, meneja wa benki alikuwa nani? Mwenye duka la jumla je? Mwenye shamba kubwa la kahawa? Uchumi wa kikoloni ulikuwa umeshawapanga watu kwa rangi, klabu ikachagua kutoka juu ya mpango huo. Ongeza mlo wa hotelini kila wiki na lugha ya Kiingereza, na mlango unakuwa umefungwa bila mtu kuugusa. Hilo liandike. Kisha uandike lini ulifunguka, kwa nani, na nani alimpendekeza. Mwanachama wa kwanza Mwafrika aliketi meza gani siku ya kwanza? Nani alimsogezea kiti? Wazee wako wawili wanaweza kuwa wanajua, na wakishaondoka hakuna daftari litakalokujibu.

Wala usiandike kana kwamba kabla ya klabu watu wa hapa walikuwa wamekaa wakisubiri kuhudumiwa. Mlima huu ulikuwa na mifereji ya maji, mifongo, kabla mzungu hajajua kama mlima upo. Kila mfongo una ukoo wa aliyeuchimba, una msimamizi wake, una siku ya kuusafisha, na asiyetokea na jembe hutozwa faini. Upareni wana msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, neno ambalo siku hizi limeenea mkoa mzima. Katiba, mwenyekiti, mahudhurio na adhabu ya utoro vilikuwapo, ila havikuandikwa kwa taipu.

Hata chama cha kuandikwa kwa taipu hakikuletwa na klabu za mjini. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kichaga waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo, huku mkuu wa wilaya wa wakati huo, Charles Dundas, akiwaunga mkono. Masetla walikuwa wakipinga Waafrika kulima arabika, wakidai mashamba madogo yataeneza wadudu na magonjwa. Wakulima wakajibu kwa vitendo: wakaungana ili wapate dawa na pampu za kupulizia, walinde mibuni yao na haki yao ya kuipanda kwa pamoja. Kutoka hapo ndipo ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao, iliyosajiliwa mwaka 1933. Nakusihi uweke aya ya namna hiyo mwanzoni mwa kijitabu chenu. Waliobeba kokoto za mradi wenu wa kwanza walikuwa wajukuu wa watu wa mfongo na watoto wa watu wa pampu. Walijua kujitolea kwa zamu vizuri kabisa.

Wanawake nao. Kama klabu yenu ni ya Rotary, kutokuwapo kwao ilikuwa kanuni ya dunia nzima. Klabu ya Duarte, California, ilipowaingiza wanawake katika miaka ya 1970, ilifutwa uanachama. Shauri likafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1987 iliamua kwamba wanawake hawawezi kukataliwa kwa jinsia yao, na mwaka 1989 kanuni ikabadilishwa kwa klabu zote duniani. Lakini kutokuwa kwenye orodha ya wanachama si kutokuwapo. Inner Wheel, chama kilichoanzia kwa wake wa wanachama wa Rotary huko Manchester mwaka 1924, kilifanya kazi kubwa katika miji mingi. Hata pasipo na chama chochote, nani alipika siku ya kuchangisha? Nani alishona mashuka ya wodi? Nani alikuwa akiandika bahasha za mialiko jioni mezani kwake? Chukua leja ya mweka hazina uangalie matumizi madogo madogo: sukari, maziwa, vitambaa, nauli. Nyuma ya kila mstari kuna mtu, na mara nyingi ni mama.

Utakutana na mapengo. Miaka miwili haina muhtasari, halafu wanachama wanarudi wakiwa nusu. Usikimbilie kuandika "klabu ililala". Weka kalenda ya nchi pembeni ya kalenda yenu kwanza. Azimio la Arusha lilipitishwa hapo jirani mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Benki zikataifishwa mara moja, kwa hiyo hata mwanachama aliyekuwa meneja wa benki alibadilika. Miiko ya uongozi ikawakataza viongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Uliza kwa upole kama kuna mtu aliyeona afadhali asionekane tena kwenye meza ya wafanyabiashara. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kihindi za Moshi na Arusha zikafunga virago. Kama nusu ya waanzilishi wenu walitoweka kwenye mahudhurio ndani ya miezi michache ya mwaka huo, huna haja ya kutafuta ugomvi wa ndani. Mashamba ya walowezi mlimani yalichukuliwa mwaka 1973. Vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwamo, vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa katikati ya miaka ya 1980.

Kuna moja ambalo watu wa Dar es Salaam hawalihisi kama sisi: kufungwa kwa mpaka wa Kenya, tangu Februari 1977 hadi Novemba 1983. Klabu za huku zilikuwa zimezoea kuitazama Nairobi kwa mikutano, wageni, hata vipuri vya pampu. Ghafla Holili na Namanga zikawa mwisho wa dunia. Kisha vita vya Kagera, kisha foleni za sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Kama klabu yenu iliendelea kukutana katika miaka hiyo, hata kwa chai kavu isiyo na sukari, mimi ningeipa sura nzima. Ndipo hapo nadhani klabu nyingi za huku zilipoacha kuwa za wageni zikawa za wenyeji.

Karatasi zenyewe zina lugha yake, hata zisizo na tarehe. Barua yenye kichwa kinachosema Tanganyika huenda ni ya kabla ya mwisho wa 1964, kwa sababu jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba mwaka huo, ingawa mtu mbanifu aliweza kuendelea kutumia bunda la karatasi za zamani mpaka liishe. Ikisema Jimbo la Kaskazini, basi ni ya enzi Moshi na Arusha zilipokuwa chini ya jimbo moja, kabla ya mikoa ya Kilimanjaro na Arusha kutenganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shilingi za kabla ya Juni 1966 ni za Afrika Mashariki, si za Tanzania, kwa hiyo usizijumlishe kijinga na za leo. Tangi la "galoni 1,000" ni la lita kama 4,500, na kipimo chenyewe kinakuambia hesabu ilipigwa na mtu wa enzi ya galoni. Magazeti yanasaidia pia. Tanganyika Standard ilianza mwaka 1930, na habari za kijamii za Moshi na Arusha hujitokeza humo. Baraza la Wachaga nalo lilikuwa na gazeti lake la Komkya katika miaka ya 1950. Ukipata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa na mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu ndiko pa kuanzia. Nenda na orodha ya majina na miaka, usiende na swali la jumla jumla, utarudi umechoka.

Lile daftari. Liko wapi sasa hivi? Kama bado lina unyevu, usilianike juani. Jua hulikunja karatasi na kufifisha wino. Lisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachanishwa kidogo, uweke karatasi nyeupe zinazonyonya maji katikati na kuzibadilisha. Kurasa zilizogandamana usizibandue kwa nguvu. Usibandike selotepu popote, gundi yake baada ya miaka huacha doa la kahawia linalokula maandishi. Kisha lipige picha ukurasa kwa ukurasa, karibu na dirisha, asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavu. Utashangaa maandishi uliyodhani yamefutika yanavyojitokeza kwa alama ya kalamu iliyokandamiza. Nakala za picha zikae mahali pawili tofauti. Na daftari lenyewe lisirudi tena nyumbani kwa katibu, hata kama katibu ni wewe.

Mwisho ni wazee, ingawa kwa kweli ndio wa kwanza. Usiwaendee na kamati. Nenda na mtu mmoja wanayemfahamu, ufikishe salamu, ukae, upewe chai au mbege uipokee, na kazi uianze wakishaanza wenyewe kusimulia. Usiulize "ilikuwa mwaka gani", kwani mtu wa miaka themanini na tano akibanwa mwaka atakupa wowote ili umwache apumue. Uliza: ilikuwa kabla ya Azimio au baada? Mpaka ulikuwa umefungwa? Mtoto wako wa pili alikuwa ameanza shule? Hospitali ya KCMC ilikuwa imefunguliwa? (Ilifunguliwa Machi 1971, na karibu kila mtu wa hapa anakumbuka alikuwa wapi.) Kwa maswali manne ya namna hiyo utaubana mwaka mpaka ubaki na nafasi ya miezi. Beba picha za zamani, umpe aishike mwenyewe, unyamaze. Mtu akishika picha huanza na walio pembeni, wale ambao hakuna aliyeandika majina yao nyuma.

Wahoji mmoja mmoja kwanza, kisha wawili pamoja. Wakipingana, usiamue wewe nani anakumbuka vizuri. Yaandike yote mawili yalivyo. Na kama kuna jambo wanakuomba lisichapwe wakiwa hai, liheshimu, lakini liandike na kulifungia kwenye bahasha yenye maelezo, likae na nyaraka za klabu. Ukitaka kuwataja watu waliofarakana na klabu kwa ugomvi, zungumza na familia zao kabla ya kwenda kwa mchapaji. Moshi ni mji mdogo, wajukuu wao wanasoma na wanao.

Ningeanza na yule mzee mkubwa zaidi kati ya wawili, wiki hii, wala nisisubiri kamati iketi. Kisha ningemuomba anitajie kazi moja ya kwanza kabisa anayoikumbuka na mahali ilipofanyika, nipande gari mpaka huko. Ukienda, beba brashi ngumu, kitambaa na chupa ya maji. Tangi likiwa upande wa msituni, kuvu huwa nene, na tarehe nyingi zimechorwa chini karibu na koki, mahali fundi alipokuwa amechuchumaa akimalizia.